Lazanya ya Kunde kwa Bibi

Mchana ule huja kwangu kwanza kwa harufu: kunde zilizochemka, vitunguu kwenye mafuta ya karanga, na vumbi la mtaa wetu wa Kikuyu lililokaa juani tangu asubuhi. Halafu ndipo nauona ua wetu, na upepo wa Dodoma usio na haya ukiinua khanga za mama kwenye kamba na kuziachia. Kila kitu kinakwenda polepole mno. Hata treni iliyotoka pwani, nikiikumbuka leo, inachukua muda mrefu kumaliza kupiga honi yake. Najua haikuwa hivyo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilikuwa na hofu, maana siku ile ndiyo ilikuwa ijulikane kama bibi yangu, mama yake baba, atakula tena chakula cha nyumba yetu au ataendelea kwisha kidogo kidogo mbele ya macho yetu.

Siwezi kwenda mbele bila kulieleza kosa. Bibi alikuwa mtu wa upande wa Mvumi, mfugaji tangu kuzaliwa. Mwaka ule mvua ilikataa, ng'ombe wake wakaanguka mmoja mmoja mpaka akabaki na jike mmoja tu, mwekundu, mwenye baka jeupe kwenye paji. Huyo alimpenda kuliko alivyotupenda sisi, na hakuficha. Tulipokwenda kumtembelea, baba, mama na mimi, tulikuta amekwenda kwa shangazi. Asubuhi ya pili ng'ombe alilala chini, hakuinuka tena. Baba akamwahi kwa kisu kabla hajawa mzoga. Kwa hilo sijawahi kumlaumu. Ninachomlaumu ni kilichofuata. Bibi aliporudi, amechoka na ana njaa, baba aliniita pembeni.

"Mpelekee nyama, ale kwanza. Akiuliza, mwambie nimeinunua mjini. Akishashiba nitamweleza mwenyewe."

Nikampelekea. Bibi akauliza. Nikasema imenunuliwa mjini.

Alikula, akaisifu. Alinikatia kipande akanilisha kwa mkono wake, akaniita mke mwenzake, kama mabibi wanavyotutania sisi wajukuu wa kike. Kisha akajifuta mikono, akatoka kwenda zizini kumwangalia ng'ombe wake.

Aliporudi hakupiga kelele. Alichota maji, yale tuliyoyafukua kwa taabu kwenye mchanga wa mto mkavu, akasukutua mdomo mara tatu. Halafu akasema kwa Kigogo, akinitazama mimi wala si baba, kwamba hatatia tena mdomoni kitu chochote cha ng'ombe, si nyama, si maziwa, si samli, na kwamba chakula cha mikono yetu hakitaki. "Mmenilisha nisichokijua. Inatosha," alisema. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Kule kijijini hapakuwa na kitu tena, kwa hiyo baba alimleta kwetu Kikuyu. Alikuja, lakini alikuja na chungu chake. Akapanga mafiga yake matatu kwenye pembe ya ua, akawa anajipikia: ugali wa uwele na mlenda wenye chumvi, basi. Mama aliona aibu mpaka akapunguza kwenda kisimani, maana mkwe anayejipikia nyumbani kwa mwanawe ni maneno ya wiki nzima kwa majirani. Bibi alikuwa amebakiwa na meno machache, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alipika kwa kupapasa. Mimi nilikaa mbali nikimwangalia anavyotafuta mwiko uliokuwa karibu na goti lake, na sikuthubutu kumpa.

Akakonda. Kisha miguu ikaanza kuvimba, na baba akamwita dresa wa zahanati, kijana mmoja mpole aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi ikasimama. Dresa akasema mgonjwa anahitaji nyama, maziwa, mayai. Kuhusu nyama na maziwa tukamweleza kiapo cha bibi. Mayai bibi hakuwahi kuyala tangu usichana wake, kama wanawake wengi wa rika lake. Dresa akakuna kichwa.

"Basi kunde, njugu mawe, karanga," akasema. "Nyingi, na kila siku. Mwili haujengwi kwa mlenda peke yake. Na mzilainishe, hana meno huyu."

Mama akachemsha kunde, akaziponda, akampelekea kwa magoti yote mawili. Bibi akauliza, "Humu ndani mna nini?" Mama akataja kila kitu. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, akakirudisha kibakuli.

Hapo ndipo baba alipolileta neno lazanya nyumbani kwetu. Alikuwa mpishi wa mapadri Wataliano, na kazi hiyo ilimpa majivuno ambayo mshahara haukumpa. Alituambia kuwa kwao wana chakula cha matabaka: tandiko la unga, juu yake nyama ya kusaga, juu yake maziwa mazito na jibini, tandiko tena, mpaka sufuria inajaa. Yeye atakipika bila nyama, bila maziwa, bila jibini, bila yai.

"Sasa kitabaki nini?" mama akauliza.

"Itabaki kazi," akasema baba. "Na kila tabaka nitamshikisha kabla sijaliweka. Mtu akishika kitu chote kwa mkono wake, atasema hakijui?"

Jumamosi aliyopewa ruhusa alirudi na vibaba viwili vya unga wa ngano ndani ya kitambaa, akiubeba kama mtoto mchanga. Akakaa chini ya kivuli cha nyumba, akaukanda kwa maji ya moto na chumvi. Alikanda, akaufunika, akangoja, akakanda tena. Sijui kwa nini saa ile imebaki kwangu kama ndoto. Labda ni kwa sababu sikuwahi kumwona baba akipika nyumbani, wala hakuna aliyewahi kumwona baba yeyote wa mtaa ule akipika. Alisukuma unga kwa chupa mpaka ukawa mwembamba, ukiuinua unaona mwanga wa jua kupitia ndani yake. Akakata vipande virefu, akavianika kwenye kamba, pembeni ya khanga za mama, na upepo ukavichezesha vyote pamoja. Jirani alichungulia juu ya ua, akatazama zile nguo zetu nyeupe zinazoliwa, akarudi ndani bila kusalimu.

Mimi nilipewa jiwe la kusagia. Njugu mawe zilikuwa zimechemshwa tangu asubuhi na kumenywa, nikazisaga kwa hasira, maana mimi sikuwahi kuwa mtoto mpole, na hasira niliyokuwa nayo juu yangu mwenyewe ilitosha kulainisha hata mawe yenyewe. Baba alitwanga karanga, akazichuja kwa kitambaa akakamua tui, akalichanganya na njugu zangu na kuliweka motoni akilikoroga. Likawa zito na jeupe. Ungedhani ni maziwa. Nilichovya kidole nikaonja, na tamu yake ikanishangaza, tamu tulivu inayokuja polepole. Katika chungu kingine kunde zilizopondwa nusunusu zilikuwa zinatokota na nyanya ndogo, vitunguu na majani ya kunde. Kwa mbali zilifanana kabisa na nyama ya kusaga.

Muda wote huo bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ametupa mgongo. Lakini sikio lake lilikuwa kwetu. Baba akamwendea na kila kitu mkononi, kimoja kimoja.

"Mama, shika. Huu ni unga na maji."

Bibi alishika, akanusa, akarudisha.

"Mama, hizi ni kunde. Hiki ni kitunguu."

Akashika, akanusa, akarudisha.

"Hizi karanga."

Bibi akasaga moja kati ya vidole, akainusa kwa muda. "Umeziunguza," akasema.

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba baada ya siku kadhaa. Baba alirudi kwetu macho yamemjaa maji, akajifanya ni kitunguu. Mimi nilitamani mchana ule usimame pale pale, vipande vya unga vikipepea, baba akikoroga, bibi akiwa ameshasema neno moja.

Baba akavichemsha vipande, akamwambia mama, bila kugeuka, "Nipakie sufuria mafuta isije ikagandia." Mama akapaka. Baba akatandika: unga, kunde, ile rojo nyeupe, unga, kunde, rojo, akipapasa kila pembe kwa vidole ijae vizuri. Matabaka sita. Akafunika kwa kipande cha bati, akapalia makaa chini na juu, tukakaa kungoja. Honi ya treni ilikuwa wakati huo. Na ilikuwa wakati huo huo pua yangu ilipokamata kitu, chembamba, chini ya harufu zote nyingine. Harufu niliyoifahamu tangu niko mgongoni.

Nikatazama pale mama alipokuwa amekaa. Kibuyu cha samli kilikuwa wazi pembeni ya mguu wake.

Mama alifuata macho yangu, akakiona, akaziba mdomo kwa mkono. Hakukusudia, naapa mpaka leo. Mwanamke aliyekulia kwenye nyumba ya ng'ombe akiambiwa apake chombo mafuta, mkono wake unakwenda kwenye samli kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Baba naye alikuwa ameshaelewa. Alikitazama kibuyu, akalitazama lile bati lenye makaa, unga wote uliokuwepo ukiwa chini yake, akazitazama nyayo za mama yake zilizovimba.

"Ni kidogo tu," alininong'oneza. "Nyamaza. Ale kwanza."

Maneno yale yale.

Baba aliepua, akaacha ipoe, akakata kipande kikubwa akakiweka kwenye sahani ya bati. Juu kilikuwa kimepata rangi ya kahawia, pembeni matabaka yote yanaonekana, jekundu, jeupe, jekundu. Akampelekea bibi, akapiga goti. Bibi aliinamisha uso juu ya mvuke, akakaa hivyo. Mate yalimjaa mdomoni, nilimwona akiyameza. Ilikuwa wazi kwamba anataka kula, na mimi nilitaka ale kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani.

Halafu akainua uso.

"Yuko wapi yule binti?"

Nikasogea.

"Wewe uliona vyote?"

"Niliona, Bibi."

"Humu mna kitu cha ng'ombe?"

Baba alikuwa nyuma yake, akinitazama. Hakutikisa kichwa, hakunikonyeza, alinitazama tu, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba. Nilifikiria miguu ile ya bibi iliyovimba. Nilifikiria kwamba nikisema kweli atairudisha sahani, na unga umekwisha, na kosa la kumwua litakuwa langu kama lile la kwanza lilivyokuwa langu. Nikasema huku nalia.

"Mna samli, Bibi."

Mama akatoa sauti ndogo. Baba akakaa chini vumbini, pale pale alipokuwa.

Bibi hakuirudisha sahani. Aliishikilia tu.

"Iko wapi?"

"Chini. Mama alipaka sufuria kwa kusahau. Mkono wake umezoea."

"Na juu?"

"Juu hakuna. Juu ni kunde na njugu na karanga. Njugu nimezisaga mimi."

Upepo ulipita uani ukaondoka. Bibi aligeuza macho yake yenye ukungu upande wangu, na kwa muda nilidhani ananiona.

"Basi nipe ya juu," akasema. "Nilishe wewe. Mimi sioni tabaka linapoishia."

Nikanawa mikono mara mbili. Nikakaa chini mbele yake, nikatenganisha tabaka la kwanza kwa vidole, taratibu, nikampelekea mdomoni. Alitafuna kwa yale meno yake machache, akameza, akafungua mdomo tena. Nikampa la pili. Rojo ilimshuka kidevuni nikamfuta kwa khanga yangu. La tatu. La nne. Baba alikuwa amejifunika uso kwa mikono, mabega yanamtikisika, na mama alikuwa amesahau kuyaondoa makaa juu ya bati. La tano lilikuwa limelowa kunde, likachanika, nikalikusanya punje kwa punje mpaka vidole vikagusa lile tandiko la mwisho, lililokuwa liking'aa kwa samli. Nikaacha.

"Imekwisha?" bibi akauliza.

"Ya juu imekwisha, Bibi."

"Kweli?"

"Kweli."

Akalamba midomo, akanikabidhi sahani.

"Kesho mwambie mama yako apake mafuta ya karanga."