Kituo cha Hali ya Hewa cha Ganze

Daktari na mimi tuliinunua ile ndege pamoja, na tangu siku hiyo hatujapata kukubaliana juu ya jambo lolote linaloihusu isipokuwa rangi yake. Yeye ni daktari wa meno aliyestaafu, mzawa wa mji wa kale wa Malindi, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno yaliyopigwa pasi pia. Mimi ni mpima ardhi, mwanamke wa Kigiriama kutoka Ganze, na kazi yangu hunipeleka kwenye mashamba ya mbali ambako barabara ni jina tu. Ndege yenyewe ni ya viti vinne, imenizidi umri, na haina chombo chochote cha kumwambia rubani mvua iko wapi. Tunaruka kwa macho. Ukiona wingu baya, unalikwepa. Taabu ya macho ni kwamba huona kilicho mbele tu, na mvua za pwani yetu mwezi wa Mei hazina desturi ya kuja kwa mbele.

Ndipo ukaanza ubishi: tukiwa angani, nani atupe habari za mvua?

Mimi nilitaka simu. Ninayo tayari, na programu ya hali ya hewa imo ndani. Daktari alitaka setilaiti.

"Mwanangu," aliniambia, "simu yako ni hodari mpaka Gede. Ukishaipa Gede kisogo ukaingia bara, inakuwa kioo cha kujitazamia."

"Basi redio inatosha. Mnara wa uwanja wa ndege wa Malindi hutujibu kila tukiuliza."

"Mnara husema kweli. Lakini husema habari za uwanja wake. Haukuahidi kukueleza mambo ya Bamba."

Akaagiza kifaa chake. Kilikuwa kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, cha kubandikwa mbele ya rubani. Kilikiletea kishikwambi chake picha za mawingu kutoka juu, na zaidi ya hayo kiliweza kupokea na kutuma ujumbe mfupi hata pasipokuwa na mtandao wa simu. Daktari alikipenda kama mjukuu. Alikifuta kwa kitambaa chake cha miwani.

Mimi, zile habari za ujumbe mfupi ndizo zilizoniingizia shetani.

Nina shangazi, dada wa baba, anayekaa juu ya mwinuko kule Ganze. Kukiwa kweupe, anaona nyika ya Galana upande mmoja na mstari wa bahari upande wa pili. Ana mbuzi, ana mahindi, ana simu anayoichaji kwa paneli ya jua, na ana maoni. Ganze ni nchi ya kiu. Mtu wa huko huiangalia mbingu jinsi mwenye duka anavyouangalia mlango. Nikamwomba awe ananiandikia hali ya anga kila nirukapo, na kwenye kisanduku cha Daktari nikaihifadhi namba yake kwa jina la KITUO CHA GANZE.

"Kituo gani hiki?" Daktari aliuliza ujumbe wa kwanza ulipoingia.

"Cha hali ya hewa," nikasema. "Ni kipya."

Nilimfundisha shangazi aandike mambo matatu tu: mawingu, upepo, mvua. Alinigombeza. "Nitampaje mtu habari za mvua sijamjulia hali? Mimi ni polisi?" Kwa hiyo siku moja, tukiwa juu ya nyika, Daktari alivaa miwani na kusoma kwa sauti: "'Hamjambo huko juu? Mmekula? Wingu kubwa limesimama Bamba, jeusi chini. Upepo watoka kusini.'" Akanigeukia. "Mwanangu, kituo kinauliza kama tumekula."

"Ni utaratibu wao," nikajibu nikitazama mbele. "Rubani mwenye njaa ni hatari."

Akalipima neno hilo. "Ni utaratibu mzuri," akasema, na akaanza kuandika polepole kwa kidole kimoja kwamba ahsanteni, tumekula, Alhamdulillahi.

Na wingu la Bamba tulilikuta, jeusi chini kama lilivyoelezwa, wakati picha ya setilaiti ilituonyesha mahali pale peupe kabisa. Ikawa hivyo mara ya pili, na ya tatu. Baada ya miezi miwili Daktari alikiamini kituo kuliko kisanduku chake mwenyewe. Nilimsikia akiwasimulia wenziwe barazani: "Wale watu wa Ganze ni mabingwa. Lazima wana mitambo mikubwa." Nilipata nafasi nyingi za kumweleza ukweli. Zote niliziacha zipite, kwa sababu nilikuwa nikifurahi mno.

Siku yenyewe tulikuwa tukirudi kutoka Voi, alasiri. Mimi nilikuwa kwenye usukani, Daktari kando yangu na kishikwambi mapajani. Njia yetu ya kawaida ni kunyoosha hadi Malindi, tukiiacha Ganze mbali upande wa kulia. Hatujafika mbali, ujumbe ukaingia. KASKAZINI MVUA KUBWA. HUKU KWEUPE. PITENI HUKU. PITENI CHINI.

Hakukuwa na salamu. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Shangazi asiyesalimu ni shangazi mwenye shughuli.

Nilitazama kaskazini. Anga ilikuwa safi mpaka macho yalipokoma.

"Picha inasemaje?" nikauliza.

"Inasema kaskazini shwari. Kuna wingu moja baharini, mkabala wa Kilifi, mbali na nchi kavu." Akakiinamisha kishikwambi. "Lakini picha ni picha, mwanangu. Kituo kina macho. Tufuate kituo."

"Pengine leo wamekosea, Daktari."

"Hawajakosea tangu tuanze nao. Si wewe uliyenifundisha kuwaamini?"

Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilihitaji kuungama. Nikapindisha ndege kulia.

Mwinuko wa shangazi naujua hata nikifumba macho. Tulipoukaribia nilishuka kidogo, nikainamisha bawa ili tuone vizuri. Ua ulikuwa umejaa watu kama wa arusi. Leso zilikuwa zimetandazwa juu ya paa la mabati, nyekundu na za manjano, na kila mtu alipunga alichokuwa nacho mkononi: kitambaa, ungo, mfuniko wa sufuria, mama mmoja alipunga mtoto. Mbuzi walitawanyika pande zote. Katikati ya ua alisimama shangazi, mikono kiunoni, akitazama umati badala ya kututazama sisi.

Daktari alichungulia chini kwa muda mrefu.

"Kituo hiki," akasema hatimaye, "kina wafanyakazi wengi."

Nikamwambia yote. Nilimwambia kuhusu namba, kuhusu jina, kuhusu shangazi na mwinuko wake.

"Na yale ya kula?" akauliza.

"Ni yeye."

"Nikamjibu kwamba tumekula."

"Alifurahi sana, Daktari."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Sikujua kama amekasirika, wala sikupata nafasi ya kujua, kwa kuwa tulikuwa tumeshaikaribia pwani na mbele yetu kulikuwa na ukuta. Kutoka baharini hadi juu ya Matsangoni mvua ilikuwa imeshuka, ya kijivu, nzito, bila upenyo. Kwenye kishikwambi wingu lile lilikuwa bado limekaa baharini kwa adabu zake.

"Hapa pameandikwa picha ina dakika tano," Daktari akasema, sauti imebadilika.

"Dakika tano tangu picha itufikie. Tangu ipigwe, Mungu ndiye ajuaye."

Nikauita mnara wa Malindi. Walinijibu kwa utulivu kwamba uwanjani ni kukavu, upepo ni mdogo, kuona ni kuzuri, na mvua wanaiona upande wa kusini. Walisema kweli tupu. Upande wa kusini ndiko tulikokuwa.

Ndege ilianza kurukaruka kama mkokoteni kwenye mashimo. Matone ya kwanza yalipiga kioo, makubwa, moja moja. Kicheko changu cha miezi miwili kilinitoka chote. Niligeuza kushoto, nikairudia bara, mvua ikiwa bado nyuma ya bawa. Kugeuka kulikuwa rahisi. Lililonitisha ni kwamba sikujua tena nimwamini nani: kisanduku kimechelewa, mnara hauoni nilipo, na shangazi wangu mwenyewe amenipeleka kwenye mvua.

Daktari, bila kuambiwa, alikuwa akiandika kwa kile kidole chake kimoja. Alinisomea: "'Hujambo, Mama. Mimi ndiye nikaaye kando ya rubani. Tafadhali tupe ukweli. Kaskazini kukoje?'"

Tulingoja. Nilikuwa nikitazama kaskazini kwa macho yangu mwenyewe, nami nikiona kweupe, lakini nilitaka mtu aniambie. Jibu likaja. Daktari alilisoma kimyakimya, kisha kwa sauti:

"'Kweupe tangu asubuhi. Nisameheni. Nilitaka jirani amwone rubani. Lakini mmepita juu sana, sasa anasema ni ndege ya watalii.'"

Basi akacheka. Alicheka kwa kinywa wazi mpaka magego, cheko la mtu aliyetumia maisha yake yote ya kazi kuwaambia wengine wafungue vinywa. Mimi sikuweza kucheka mpaka tulipouzunguka ukuta ule kwa kaskazini, tukaiona Malindi imeoga jua, na magurudumu yakagusa ardhi kavu.

Tulipozima injini hakushuka upesi.

"Kunifanyia mzaha ni haki yako," alisema. "Nimekuzidi umri na majigambo, nastahili. Lakini uliona kaskazini kweupe kwa macho yako, ukageuza kulia kwa sababu ya haya. Hilo usilirudie, mwanangu."

Nikasema ndiyo. Angenitukana ingenichoma kidogo kuliko vile.

Jumamosi iliyofuata alidai nimpeleke Ganze kwa gari. Alikwenda na kanzu mpya na kikapu cha halua. Shangazi alitupokea mlangoni kwa heshima zote, akampa kiti kizuri, akaomba radhi kwa namna yake. Kisa chenyewe kilikuwa hivi: jirani yake, mjane wa ng'ambo ya bonde, alikuwa amewatangazia watu kwamba mimi si rubani hata kidogo, nauza tikiti uwanjani.

"Nimesema uongo mara moja tu," shangazi alimwambia Daktari. "Hiyo setilaiti yako imesema mara ngapi?"

"Haisemi uongo, Mama. Huchelewa."

"Mwongo na mchelewaji, wote watakulowesha."

Daktari aliinamisha kichwa kama aliyeshindwa kesi. Hapo jirani mwenyewe akaingia, amevaa leso mpya, aje amwone huyo rubani. Alimtazama Daktari kutoka kofia hadi viatu, akaridhika. "Nilijua tu," akasema. "Rubani ni mzee huyu."

Nilidhani shangazi ataanguka. Daktari akasimama, akanyoosha mkono kunielekea mimi. "Kazi yangu ni kushika kishikwambi," alisema. "Rubani ni huyu." Jirani alinitazama bila kushawishika, akatoa simu yake kifuani, akampa Daktari namba. Yeye pia, alisema, anaona mbali kutoka kwake, tena wingu la Bamba huanzia upande wake. Na kama watu wanataka habari za mbingu zisizotiwa chumvi, wamwulize yeye.

Kwa hiyo sasa ndivyo tunavyoruka. Kisanduku tunakitazama kabla hatujaondoka na tunapokuwa mbali, kitujulishe mvua kubwa iko upande gani wa nchi, na hatukitumii kamwe kupenya kati ya mawingu mawili. Mnara tunausikiliza tukikaribia nyumbani. Na kwa yote yaliyo katikati tunao wanawake wawili wa Ganze, ambao hawajawahi kukubaliana hata mara moja. Shangazi akisema upepo mkali, jirani husema upepo wa kukaushia nguo. Shangazi akisema wingu jeusi, jirani husema ni moshi wa mkaa. Daktari husoma habari zote mbili kwa sauti, mimi natazama dirishani, kisha tunaamua.

Juzi, kabla hatujawasha injini, ujumbe wao uliingia pamoja. Wote wawili walikuwa wameandika neno moja, kwa Kigiriama, bila salamu: MVULA.

Daktari akakifunga kishikwambi, tukaenda kunywa kahawa.