Mkwe, Leso na Biti Butu

Ukitaka kuniharibia siku, niletee biti iliyonolewa ovyo. Watu wa Voi husema mimi ni mkali. Uongo! Mimi ni mpole kabisa, ila biti iliyonolewa ovyo inapotoboa chuma hupiga kelele, na kelele ile huniingia kwenye meno hata chai nashindwa kunywa.

Biti ninayoisema ni ile ya mashine ya kutobolea chuma. Nchani ina midomo miwili, na midomo ndiyo inayokata. Nyuma ya kila mdomo kuna sehemu tunayoiita kisogo. Kisogo sharti kiwe chini kidogo ya mdomo. Kikiwa juu, biti itasugua chuma kutwa nzima bila kukitoboa. Na midomo yenyewe iwe sawa, mmoja usimzidi mwenzake. Hayo tu. Marehemu baba, aliyekuwa fundi wa reli, ndiye aliyenitia mambo hayo kichwani, na karakana yake nyuma ya soko ndiyo ninayoshinda ndani mpaka leo.

Sasa, nina binti mmoja, na binti ana mume, na mume ni mtu wa Magharibi, upande wa pili wa nchi. Kijana mzuri, sina neno. Alikuwa anachomelea vyuma kwenye mjengo, mjengo ukaisha, akakaa bila kazi mpaka akaanza kusema wahamie kwao. Kwao ni mbali! Ningekuwa namwona mjukuu wangu kwenye simu, uso umejaa kioo chote, pua tu. Nikamwambia binti yangu, "Hamwendi popote." Akanijibu, "Mama, tutakula ukali wako?"

Bahati nzuri ilitokea nafasi kwenye karakana moja inayotengeneza mashine za katani, upande wa Mwatate. Walitaka mtu wa kuchomelea na kutoboa. Lakini huko wanatumia biti nene za zamani, ambazo ukizitafuta madukani utachekwa, kwa hiyo kila fundi anajinolea mwenyewe kwa mkono. Msimamizi akasema anayetaka kazi aje, apewe biti butu, ainoe, atoboe bamba la chuma mbele yake. Mkwe wangu hajawahi kunoa hata kisu cha jikoni.

Nikasema, kwani mimi ni wa nini? Nitamfundisha. Kumbe nimesahau jambo moja.

Sisi huku Taita tunamheshimu mkwe, sawa. Lakini kwa hawa wakwe wa binti yangu heshima ni kitu kingine. Mama mkwe haguswi. Hasalimiwi kwa mkono. Kumkazia macho ni aibu, na kukaa naye chumba kimoja ni aibu zaidi. Nikipita njia, kijana huyu huingia vichakani hata kama vichaka vyenyewe ni vya miba. Na kunoa biti hakufundishwi kwa mdomo. Unamshika mwanafunzi mikono yote miwili, unailaza biti kwenye jiwe linalozunguka, unashusha mkia wake, yaani upande wa kushikia, polepole mpaka mikono yake ielewe. Sasa nitamshikaje mtu anayenikimbia?

Tulipatana hivi. Yeye atasimama ndani, kwenye jiwe. Mimi nitakaa nje barazani, na mlangoni tutatundika leso ya kujifunga. Si karibu na jiwe, maana nguo karibu na jiwe linalozunguka ni kujitafutia kaburi. Leso niliyoipata ilikuwa imeandikwa "Majirani niacheni nipumue", na majirani wote walikuja kuisoma. Binti yangu atasimama kando yake, aniambie anachokiona, nami nimwambie la kufanya, naye amwambie mumewe.

"Mwambie amwambie!" utasema. Lakini wewe ungefanyaje?

"Cheche zinatoka wapi?" nauliza.

"Zinatoka nyuma," binti anajibu.

"Nyuma? Ananoa kisogo huyo! Mwambie ainue mkono wa kushoto!"

"Mama anasema uinue mkono wa kushoto."

"Mwambie mama asante," mkwe anasema, yuko hatua chache tu kutoka nilipo, namsikia vizuri kabisa.

"Anasema asante."

"Mwambie asinishukuru, ainue mkono!"

Binti yangu kazi yake ni kupaka watu kucha. Tangu akiwa mdogo alisema karakana inanuka, na hakuwahi kugusa hata spana. Sasa alikuwa amesimama pale na kucha zake za waridi, miwani ya kukinga cheche usoni, akitafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili, na kila jioni alikuwa anavuta mdomo kwamba tunampotezea wateja. Nilimwonea huruma kidogo. Si sana.

Mimi nilikuwa nasikiliza jiwe. Jiwe husema. Biti ikikaa vizuri linavuma kwa sauti moja, ikikaa vibaya linachachamaa. Na la mkwe wangu lilichachamaa kuanzia asubuhi mpaka wauza mahindi ya kuchoma walipotoka jioni. Biti alizonitumia kupitia chini ya leso, salaale! Moja ilikuwa bapa, ungeweza kusongea ugali. Nyingine mdomo mmoja ulikuwa mrefu, mwingine haupo.

Basi siku moja nikashindwa. Jiwe lililia, nikainuka, nikaifungua leso, nikaingia, nikamshika mkwe wangu mikono yote miwili. "Hivi! Shusha mkia hivi!"

Ai, kijana aliganda. Jiwe lilizunguka peke yake. Kisha akaiweka biti chini kwa adabu zote, akatoka kwa mlango wa nyuma, na ule mlango huwa haufunguki, sijui aliufunguaje. Hakurudi siku hiyo wala iliyofuata. Simu zikapigwa Magharibi, wazee wa huko wakashauriana, ikaamuliwa kuku apelekwe na kuku arudishwe, na mimi nikanunua jogoo mkubwa kuliko hasira yangu. Yakaisha. Tukatundika leso tena, na safari hii niliapa nitabaki kwenye kigoda.

Siku ya mtihani akaenda Mwatate. Akarudi mchana, uso umeshuka. Biti ililia, ikapata moto mpaka ikawa ya bluu, bamba halikutoboka. Lakini msimamizi alikuwa mtu mwenye roho nzuri: kwa sababu mshono wake wa kuchomelea ulimpendeza, akampa nafasi nyingine keshokutwa. Ikishindikana, basi.

Binti alikuwa ameshatoa sanduku chini ya kitanda. Nililiona, nikaenda kutundika leso.

Tulikaa mahali petu. Mkwe akawasha jiwe, jiwe likachachamaa. Nilikuwa sina la kusema ambalo sijalisema.

Ndipo nikasikia, "Wacha! Nipe hiyo."

Ilikuwa sauti ya binti yangu. "Nipe mikono. Siyo hivyo, unaanza na kisogo. Mdomo kwanza, ulale sawa na jiwe. Ona cheche, zinapita juu ya mdomo? Sasa shusha mkia. Polepole, baba, unakimbilia wapi? Umerudi juu tena! Umezaliwa na haraka?"

Mimi sikuwa nimesema neno. Nilishika kigoda kwa mikono miwili. Maneno yalikuwa yangu, hata matusi yalikuwa yangu, lakini yalitoka upande wa pili wa leso bila kunisubiri. Na jiwe likatulia. Likavuma sauti moja, nene, ndefu, sauti ambayo sijaisikia humo ndani ikitoka mikono isiyo yangu tangu baba afe.

Walinoa mpaka jioni, mikono yake juu ya mikono ya mumewe, kama inavyotakiwa. Mwisho mkwe akatoboa bamba yeye mwenyewe, na chuma kikatoka kwa vipande viwili virefu vya kujiviringisha, kimoja kila upande, sawa kwa sawa. Nilichungulia pembeni mwa leso, Mungu anisamehe.

Siku ya mtihani wa pili mkwe akapiga simu kutoka Mwatate kwamba amechukuliwa, anaanza Jumatatu. Binti alikuwa kwenye jiwe, ananolea fundi wa jirani biti zake. Alisikiliza, akakata simu, akasema, "Hatuhami."

Nilitaka kumkumbatia. Nilitaka kumwambia nilivyoogopa, na nilivyofurahi mpaka najionea haya. Nikainuka na maneno yote mdomoni.

"Mama," akasema, hajageuka hata, "jiwe lako limeliwa upande mmoja. Utanoaje na jiwe la namna hii? Lisawazishe."

Nikaenda nikalisawazisha.