Mama Mkwe Nyuma ya Mabati

Mwanangu, iko asubuhi moja ninayoikumbuka hata nikiwa kanisani. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini hapa mtaani Umoja nilijijengea nyumba kwa mikono yangu, na nyuma ya nyumba nilikuwa na banda la mabati na ng'ombe mmoja, Malaika. Watoto wangu walikua kwa maziwa yake.

Siku hiyo Malaika alikuwa anazaa. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumsalimia binti yake. Kwetu, mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawashikani mkono, hawaketi chumba kimoja. Lakini yule mama alikuwa amezalisha ng'ombe maisha yake yote, na mimi, nikuambie ukweli, nilikuwa nimeona mmoja tu akizaa.

Kufikia saa nne, mguu mmoja tu wa ndama ulikuwa umetoka. Nikavua shati, nikaufunga kamba, nikaita majirani wawili tuvute.

Mama mkwe, akiwa upande wa pili wa mabati, akamwambia mke wangu kwa sauti ili nisikie: "Nafula, mwambie baba watoto asivute. Mguu wa pili umekunjika ndani. Amrudishe ndama kwanza, aunyooshe. Akishindwa, nitaingia mimi."

"Mwambie mama apumzike," nikajibu. "Niko kifua wazi. Anataka kuniletea laana?"

"Kumbe banda lina msimamizi," jirani mmoja akasema, wakacheka.

Kicheko kile kikanipanda kichwani. Nikavuta.

Haikuwa mila, mwanangu. Ningeweza kuvaa shati. Ningeweza kutoka nje, yeye akaingia. Sikutaka tu isemwe kwamba mwanamke alinifundisha kazi kwangu.

Ndama alitoka amekufa. Malaika naye alichanika ndani, damu ikakataa kusimama, na kabla ya adhuhuri alikuwa amelaza shingo, amekufa. Ndipo mama mkwe akaingia, akanipita karibu hivi, akapiga magoti na kumpangusa Malaika uso kwa leso yake.

"Sasa naona naruhusiwa," akasema, bila kuniangalia.

Hakukanyaga kwangu tena. Tulimzika kabla sijamwomba msamaha, na sasa nimwombe nani?

Banda nililibomoa, nikajenga vyumba vya kupangisha. Watu wananiita tajiri. Mke wangu ananipikia, ananijibu vizuri, lakini tangu siku ile hajaniambia hata mara moja kwamba nakosea, na nimekosea mara nyingi. Hivyo ndivyo mtu anavyokukatia tamaa, akiwa bado nyumbani mwako.

Basi sikia neno la mtu mkaidi. Mila ikianza kukukinga na ukweli, jiulize kama ni mila au ni wewe. Anayejua akisema ngoja, ngoja, hata kama watu wanacheka. Mimi sikungoja, na dawa yake sijaipata mpaka leo.

Mungu akujalie nyumba yenye mtu wa kukukataza, na akupe moyo wa kunyamaza anapokukataza.