Saluti ya Mitole

Shule niliishia darasa la pili, lakini ghala la ufuta hapa Mitole nalilinda mimi, na halijaibiwa hata debe. Juzi nikamkuta mama mgeni anavutavuta kufuli la ghala huku akiandika kwenye daftari. Kwa mwenyekiti hakuwa amepita kujitambulisha, kama inavyompasa mgeni yeyote.

"Shikamoo mzee. Nafanya utafiti."

"Marahaba. Hata mwizi hutafiti kwanza. Tangulia!"

Nikampokonya daftari, nikamswaga mpaka ofisi ya kijiji. Humo walikuwamo askari sita wakimngoja mwalimu wao wa chuo. Tulipoingia tu, wote wakasimama wima, wakapiga saluti. Nikajua sifa zangu zimefika mbali. Nikavimba kifua, nikawarudishia.

"Mzee," mama akaninong'oneza, "hiyo ilikuwa yangu. Hawa nawafundisha kuzuia wizi."

Mkono ukanigandia kwenye kofia.

Akawageukia wanafunzi wake. "Nimejaribu makufuli ya vijiji vinne. Ni hapa tu nimekamatwa. Haya, pigeni nyingine, hii ya mzee."

Nikaipokea kwa fahari, daftari lake bado liko kwapani mwangu.