Tambi za Mama Mkwe

Kitunguu saumu kikikaangwa kwenye mafuta ya zeituni hutoa harufu nzito kuliko ile ya alizeti tuliyoizoea Kiomboi. Harufu hiyo ilitufikia barabarani Malindi, kabla hatujauona mgahawa wa Mtaliano ambako mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa mpishi. Nilikuwa darasa la pili, na ile ilikuwa likizo yetu ya kwanza na ya mwisho pwani. Tulipita Tanga, tukalala Mombasa, na kote huko baba na bibi hawakula pamoja hata mara moja. Bibi ndiye mama yake mama, na kwetu mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Ndani ya basi bibi alikaa mbele, baba nyuma kabisa. Ufukweni bibi akitangulia kukanyaga maji, baba alisubiri mbali, viatu mkononi, akijifanya anatazama wauza vinyago wanaowasalimia wageni kwa Kitaliano. Niliuliza sababu kila siku. Nilijibiwa, “Ni heshima,” nami nikauliza tena.

Mama mdogo alikuwa ameomba ruhusa atupikie siku hiyo. Hakuwa amemwona mama yake tangu aolewe huko, na alitaka jambo moja tu: atuone sote tukila alichopika. Mgahawa ulijaa, ikabaki meza moja. Akaleta piza pana kama ungo na bakuli la tambi zenye nyanya na kamba. Nilishangaa, maana tambi nilizozijua zilikuwa za sukari, tulizoletewa na majirani sikukuu ya Idi. Baba alibaki mlangoni.

“Nyie kuleni, mimi nimeshiba chai,” alisema akitazama sakafu.

“Chai gani, baba? Si hatujanywa?” niliuliza, na mama akanifinya chini ya meza.

Mama mdogo alisimama na kijiko chake kikubwa, machozi yakimlengalenga. Bibi alimtazama binti yake, kisha akamgeukia baba.

“Baba Naomi, njoo ukae.”

“Mama, heshima yako…”

“Heshima yangu inajua njia ya Kiomboi. Nimeitanguliza, itatusubiri huko. Mwanangu kapika. Kaa.”

Baba alikaa ncha ya kiti, kama mtu aliyeitwa ofisini. Bibi alifinyanga tambi kwa vidole kama ugali, akameza. Baba aling’ang’ana na uma. Tambi zikateleza, moja ikamning’inia kidevuni. Bibi akafunika mdomo kwa khanga.

“Mkwe, unafunga mbuzi wote wale wa nyumbani lakini kamba hizi zimekushinda?”

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama mdogo akakimbilia jikoni, akarudi na bakuli jingine na macho mekundu. Sikuwahi kumsikia baba akicheka mbele ya bibi, na sijamsikia tena, kwa sababu tulipofika nyumbani alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya nyumba. Nilipouliza, mama alisema, “Kule ni kule.”

Jibu hilo sijalikubali hadi leo. Chuoni nilifundishwa kwamba mila kama hii hulinda amani ya ndoa. Huenda. Lakini ndoa ya wazazi wangu haikupasuka Malindi, na kama sheria inaweza kuwekwa kando kwa bakuli la tambi, nani anatuzuia kuiweka kando kwa ugali? Bibi sasa anaishi kwetu, hatembei mbali, na mara nyingi hula peke yake chumbani huku baba akila peke yake uani, kila mmoja akiuliza kupitia kwangu kama mwenzake ameshiba. Kwa hiyo kila nikirudi likizo namtoa bibi chumbani hadi sebuleni, naandaa meza moja, naweka sahani ya baba mkabala na yake. Baba hufika mlangoni, husema ameshiba chai, huondoka. Mama ananiambia nimechosha watu. Lakini bibi haanzi kula mpaka chakula kipoe. Nami siiondoi ile sahani.