Viatu Vyeupe Kwenye Tope la Ahero

Baba yangu alilima mpunga Ahero na alivaa viatu vyeupe. Watu wangemsamehe moja kati ya hayo, si yote mawili. Kijana wa Kisumu mjini akivaa viatu vyeupe huitwa poa. Mkulima akivaa, wanasema ana maringo, tena wanauliza anamringia nani, kambale?

Tope la kwetu ni jeusi na humeza hata jembe. Kila Jumapili baba alitoka nyumbani suruali ameikunja hadi magotini, viatu ameviinua mkononi. Akifika kwenye bomba la kanisa, alinawa miguu polepole, akaikausha kwa kitambaa, akavaa, kisha akaingia wa mwisho, nyimbo zimeshaanza. Kina mama walicheka nyuma ya vitabu vya nyimbo. Mimi nilimfuata kifua mbele. Nilijua ameyaona macho yao na hajali, na mpaka leo sijui maana nyingine ya kuwa poa.

Alipokuwa mgonjwa aliniomba jambo moja tu, azikwe navyo. Kwa hiyo nilivipeleka mochari pamoja na suti yake. Mdogo wake, baba yangu mdogo, akavitoa kwenye mfuko na kunirudishia.

"Nyathina, mtoto wangu, mtu hawezi enda kwa wazee waliotutangulia na viatu," akaniambia. "Atawakanyaga."

"Lakini aliniomba, Baba."

"Wewe umeolewa. Hii ni maneno ya boma."

Akamalizia na ile ya mwacha mila ni mtumwa. Nilikasirika. Maisha yake yote walitaka avivue, na sasa walikuwa wamempata hawezi kubisha. Wakamvalisha soksi.

Siku ya mazishi mvua ilinyesha, boma zima likawa tope. Nilipoitwa kusema kama mtoto wa kwanza, nilikuja miguu mitupu, gauni nimelikunja, viatu mkononi. Mezani kulikuwa na jagi la maji. Nikasimama kwenye mkeka ulio mbele ya jeneza, nikanawa mguu mmoja, nikanawa wa pili, bila haraka, ukoo wote ukinitazama. Nikajikausha, nikavaa. Vilinipwaya. Mtu mmoja akacheka, nikamngoja amalize.

"Mlisema ana maringo," nikasema. "Ni kweli. Aliwaringia nyinyi, na nyinyi mkawa mnawahi kanisani ili mumwone akiingia."

Baba mdogo alitazama viatu vyake mwenyewe, vyeusi, vimejaa tope hadi kwenye kamba.

Jeneza lilipokwisha kushushwa, nilivivua. Nikavuka lile tope miguu mitupu, nimeviinua juu kama alivyofanya yeye, nikavitumbukiza kaburini vikiwa vyeupe kabisa. Wazee wakatazamana. Hakuna aliyejitolea kushuka kuvitoa.