Huguette na Simu Iliyopakwa Mafuta

Nimelala katika nyumba za wacha Mungu wa miji mingi, lakini ucha Mungu mvivu kama wa nyumba ya Augustin, pale mtaani Kyebando, sijauona kwingine. Huyu bwana, muuza vitenge kutoka Bukavu, ana binti wa miaka minne, Exaucée, mwenye usonji. Hasemi, na kelele zikimzidi hupiga mayowe. Nesi wa kliniki alimwambia mke wa Augustin, Huguette: mpunguzieni simu, ongeeni naye, mshirikisheni kazi za nyumbani. Huguette hakutaka kingine duniani ila mtoto amtazame usoni.

Nyumba nzima ilimcheka. Marie-Jeanne, mama mkwe, alikuwa amempelekea pasta simu aliyoitazama mtoto, ikapakwa mafuta ya maombi, ikajazwa video za kwaya tupu. Basi kwao haikuwa simu tena, ilikuwa dawa. Asubuhi dawa, mchana dawa, wageni wakija dawa maradufu. Heri wangesema kweli kwamba walitaka kimya.

Alhamisi moja kikundi cha maombi, ambacho huzunguka nyumba kwa nyumba, kilifika kwao. Huguette akaizima simu. Exaucée akapiga mayowe, akajibwaga sakafuni. Pasta Guerschom akafumbua jicho moja.

“Mama Exaucée, rudishia mutoto upako wake.”

“Upako gani inaisha chaji, Pasta?”

Mtu akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

“Unatutia haya!” Augustin akafoka kutoka kitini, maana huyo kuinuka hajui. “Mupe!”

“Mupe weye, Baba Exaucée. Mupe mukono.”

Hakuinuka. Huguette akambeba mtoto, huku akipigwa mateke, hadi uani. Akamketisha kando ya kinu, akaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo. Mayowe yaliendelea hadi jasho likamtoka mama. Kisha mtoto akaweka kiganja juu ya kinu kilichokuwa kikitetemeka, akanyamaza. Huguette akapumzisha mchi. Exaucée akausukuma, akainua macho, akamtazama mama yake usoni: endelea.

Marie-Jeanne akatokeza mlangoni. “Munatuharibia maombi na hii kinu yenu!”

“Basi muombe polepole, Mama. Mungu hana shida ya masikio.”

Pasta naye akachungulia, akamwona mtoto ametulia, akawageukia wenzake kwa furaha. “Munaona? Mafuta imefanya kazi!”

Wakaitikia amina. Huguette akaendelea kutwanga. Exaucée alikuwa akimpa majani, moja moja, na kila jani alitaka litwangwe.